Muulize Mwalimu: Je, kitabu cha Voynich ni Kiebrania?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Ngarenaro, Arusha. Kuna video imezunguka kibandani kwetu, inasema kile kitabu cha Voynich kilichowashinda wasomi miaka yote kimesomwa na kompyuta, na kumbe ni Kiebrania kilichofichwa. Mwenzangu, mtu wa kusali sana, amefurahi mno, anasema alijua tu. Mimi nina shaka, ila Kiebrania sijui hata herufi moja. Sasa nibishe kwa lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dai hili unaweza kulipima bila kujua Kiebrania. Kiswahili chako kinatosha.

Kitabu chenyewe kipo Marekani, katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, tangu 1969. Kina kurasa kama 240 za ngozi ya ndama, na ngozi hiyo ilipopimwa kwa kaboni ilionekana ni ya kati ya 1404 na 1438. Jina ni la mwuza vitabu Wilfrid Voynich, aliyekinunua Italia mwaka 1912. Ndani mna picha za mimea ambayo mingi haitambuliki, nyota, wanawake wakioga, na mwandiko usiojulikana kokote kwingine.

Dai ulilolisikia lilitoka kwa Greg Kondrak na Bradley Hauer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Waliliandika mwaka 2016, magazeti yakalivumisha mwanzoni mwa 2018. Programu yao ililinganisha mwandiko huo na lugha 380, kwa kutumia tafsiri za Tamko la Haki za Binadamu, na Kiebrania kikashika namba moja. Hapo simama kidogo. Tamko hilo ni la 1948, kitabu ni cha miaka mia tano kabla yake. Tena programu ukiiambia itaje lugha inayokaribia zaidi, lazima itataja moja, hata kama lugha ya kweli haimo kwenye orodha.

Wakaona huenda mwandishi aliacha irabu, kama Kiebrania kinavyoandikwa, kisha akazipanga upya konsonanti za kila neno kwa mfuatano wa alfabeti. Si wazo la ovyo. Katika kitabu kile herufi fulani hukaa mwanzoni mwa neno na nyingine mwishoni, kwa ukaidi usio wa kawaida, na kupanga kwa alfabeti kungeleta hali hiyohiyo. Nawaheshimu kwa kuliona hilo. Lakini tazama linavyogharimu.

Jumapili iliyopita nilikaa barazani, hapa kwangu Rau, Moshi, na wajukuu wawili. Nikaandika sentensi ya maneno mawili kisiri, nikatoa irabu, nikazipanga konsonanti kwa alfabeti, nikawapa kilichobaki: KT LM. Kila mmoja akaenda pembeni yake. Mvulana akarudi na "taka mali". Dada yake akaja na "kata ulimi". Mimi nilikuwa nimeandika "toka mle". Sentensi tatu, zote Kiswahili safi, na hakuna hata moja inayofanana na mwenzake! KT peke yake ni kiti, koti, kito, kete, kutu, kuta, keti, teke. Kwa hiyo ukiambiwa zaidi ya asilimia 80 ya maneno yale yalipatikana kwenye kamusi ya Kiebrania, usitetemeke. Neno fupi lisilo na irabu, ukiruhusiwa kulipangua herufi, halikosi kuangukia kitu fulani ndani ya kamusi.

Sentensi ya kwanza waliyoipata ilitafsiriwa hivi: "Alitoa (mwanamke) mapendekezo kwa kuhani, mwenye nyumba, na mimi na watu." Nikaupeleka ule mstari wa Kiebrania kwa jirani yangu, mchungaji mstaafu aliyesoma lugha hiyo chuoni. Akavaa miwani, akasoma maneno matatu ya mwanzo kwa sauti: ve-asa la ha-kohen. Akafungua Biblia yake, Hesabu 5:30, akanionyesha maneno hayohayo. Humo kuhani ndiye anayemtendea mwanamke. Hakuna mwanamke anayempa kuhani mapendekezo. Kuanzia hapo akakwama. Maneno ni ya Kiebrania, akasema, ila hayashikani. Watafiti wenyewe walikiri kwa uaminifu kwamba mzawa wa lugha hakuiona kuwa sentensi kamili. Wakarekebisha tahajia kidogo, kisha Google Translate ikatoa tafsiri.

Nikuambie kwa nini jambo hili linanigusa. Marehemu baba yangu alikuwa na kaunta buku ya madeni, imejaa vifupisho vyake mwenyewe. Alipofariki tukakuta "mb 3" mbele ya jina la jirani. Baba mdogo akasema ni mbuzi watatu, twende tukawadai. Mama akasema ni mbege, madebe matatu. Kaka akasema mbolea. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na kila usomaji ulileta maana. Nikatafuta kurasa zote zenye "mb". Mmoja ulikuwa na "mb 60", tarehe za wiki tulipoezeka nyumba. Mwingine ulisema "mb 12, misumari kilo 2". Mbuzi na misumari wapi na wapi? Mbao zikaingia kila ukurasa bila kulazimishwa, hata pale ambapo hapakuwa na ubishi.

Basi mwulize mwenzako: ufunguo huo, yaani njia yao ya kugeuza mwandiko kuwa maneno, umesoma ukurasa gani mwingine, mwanzo hadi mwisho? Mwaka 2020 Rainer Hannig, Mjerumani mtaalamu wa Misri ya kale, naye alisema ni Kiebrania, ila kwa ufunguo wake tofauti. Funguo mbili zinazotoa maneno mbalimbali kwenye ukurasa uleule haziwezi zote kuwa za kweli. Siku mtu yeyote atakaposoma ukurasa mzima wa mmea, na mtu wa pili, mbali naye, akafuata kanuni zilezile akapata maneno yaleyale bila kuonyeshwa, nitapanda basi hadi Ngarenaro tusherehekee pamoja kibandani. Na kikitoka Kiebrania kweli, mwenzako ndiye nitakayemsalimu wa kwanza.