Kabla hujailaumu hewa chafu: kupima usanisinuru wa msonobari

Anza na umri wa sindano, mashine baadaye. Msonobari wa ponderosa, ule unaoota milima ya San Bernardino juu ya Los Angeles, hubeba sindano za miaka kadhaa kwenye tawi moja. Toka nchani ukirudi nyuma: pingili ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya mwaka juzi. Funga kila pingili utepe wa rangi yake. Ozoni, gesi chafu ya hewa ya mji, yenyewe haikai ndani ya jani, ila majeraha yake hurundikana, kwa hiyo sindano kuukuu huumia kwanza. Ukizichanganya na changa unapata wastani usioeleza chochote.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10, uinue sindano kwenye mwanga. Ozoni huacha mabaka ya manjano yenye kingo zilizofifia. Doa lenye ukingo mkali likiwa na gamba dogo katikati, likwangue kwa ukucha. Likibanduka, huyo ni mdudu. Ncha ya kahawia iliyotengana na kijani kwa mstari safi inaweza kuwa dioksidi ya salfa, lakini pia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kwenye misprusi (miti ya jamii ya msonobari) ya Ulaya ya Kati, sindano kuukuu zilizo manjano upande wa juu na kijani upande wa kivuli zinaashiria upungufu wa magnesi, madini yaliyo katikati ya kila molekuli ya klorofili. Hapo uchafuzi unaweza kuwa umepitia mizizini: mvua ya asidi huikokota magnesi kutoka udongoni.

Ukipima fluoresensi, yaani mwanga hafifu ambao klorofili huurudisha, weka sindano gizani kwenye klipu dakika 30, zipange bega kwa bega bila mwanya. Jani lenye afya hutoa uwiano wa Fv/Fm, kipimo cha ufanisi wa jani kutumia mwanga, unaokaribia 0.83. Wageni wengi hapa hudanganyika. Ozoni mara nyingi hupunguza kwanza kimeng'enya cha rubisco, kinachonasa kaboni dioksidi, huku uwiano huo ukiwa bado mzuri. Baridi kali nayo huushusha kwenye mti usio na tatizo lolote la hewa, basi usilinganishe vipimo vya Januari na vya Julai.

Kwa hiyo pima pia ubadilishanaji wa gesi, yaani kaboni dioksidi na mvuke unaoingia na kutoka kwenye sindano, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mchana hewa ikikauka stomata, vitundu vya jani vinavyopitisha gesi, hujifunga, na utadhani unaona sumu kumbe unaona kiu. Andika upitishaji wa stomata kila mara. Mwaka wa ukame ozoni inaweza kuwa nyingi angani na madhara yakawa kidogo, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Kosa linaloharibu data nyingi kuliko yote ni eneo la jani. Chemba nyingi, vile visanduku vinavyofungia sindano wakati wa kupima gesi, huja zimewekwa eneo la sentimita 6 za mraba. Sindano 5 zenye upana wa milimita 1.5, kila moja ikiwa na milimita 30 ndani ya chemba, ni sentimita 2.25 za mraba tu. Usipobadilisha namba hiyo, kasi utakayosoma itakuwa ndogo kuliko ya kweli kwa karibu mara 2.7, na mti mzima utaonekana mgonjwa. Upana upime kwa kalipa, sindano kwa sindano, na uandike kama eneo ni la kivuli cha sindano au la uso wake wote.