Dawa za virusi na dawa nyingine: maswali ya Lamu na Malindi

Majibu haya ni kwa mtu mzima anayemeza TLD, kile kidonge kimoja kwa siku cha kuzuia virusi vya UKIMWI (ARV), chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri 50 mg. Kama kopo lako lina jina jingine, hasa ritonaviri, uliza kliniki kwanza, maana hesabu ni tofauti.

*Nina mimba ya miezi mitano. Vidonge vya damu navimeza pamoja na ARV usiku, tumbo tupu. Kuna ubaya? (Langoni, Lamu)*

Ubaya upo, na umo katika saa za kumeza. Kidonge cha damu kina madini ya chuma. Chuma na dolutegraviri vikikutana kwenye tumbo tupu hushikana, na dawa iliyoshikwa haipenyi kuingia mwilini. Yatoka na choo. Kopo laisha kila mwezi na huku virusi vyapata nafasi, wakati ambapo twataka vilale kabisa kabla mtoto hajazaliwa. Basi meza vyote viwili pamoja na chakula cha kushiba, wali na samaki, si chai kavu. Au tanguliza TLD, kisha cha damu baada ya masaa 2. Ukianza na cha damu, ngoja masaa 6 ndipo umeze TLD. Vidonge vya kalisi hufuata hesabu hiyo hiyo.

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, zile za maji meupe na za kutafuna, ni kali zaidi: hata chakula hakisaidii. TLD itangulie kwa masaa 2 au ifuate baada ya 6. Ramadhani, TLD wakati wa kufuturu, ya kiungulia baada ya tarawehe.

*Nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga (heroini), kila asubuhi. Tangu nianzishwe dawa za TB arosto imerudi: jasho, machozi, mifupa yauma. Nyumbani wasema nimerudia unga. Sijarudia. (Maweni, Malindi)*

Twakuamini, na walio nyumbani wasomewe jibu hili. Rifampisini iliyomo katika dawa za TB hulisukuma ini kuvunja dawa nyingine upesi. Methadoni iliyokuwa ikikutosha hadi kesho yake sasa yaisha mapema. Mweleze anayekupimia methadoni leo hii. Kipimo huongezwa hatua kwa hatua. Usiache dawa za TB, wala usijazie pengo kwa unga: kuchanganya na methadoni kwaweza kukukata pumzi.

Dolutegraviri nayo huvunjwa vivyo hivyo. Ndiyo maana wapaswa kupewa kidonge cha pili cha dolutegraviri 50 mg, masaa 12 baada ya TLD. Kama hukupewa, kidai. Huendelea mpaka wiki 2 baada ya kumaliza dawa za TB, kwa kuwa ini halitulii siku moja. Wakati huo huo methadoni hupanda tena mwilini, hivyo kipimo kishushwe kwa uangalizi. Ukisinzia kupita kiasi, rudi kliniki siku hiyo hiyo.

*Nina sukari, natumia metformini 1000 mg mara mbili. (Barani, Malindi)*

Ni nyingi. Dolutegraviri huizuia metformini kutoka kwa figo, kwa hiyo kawaida isizidi 1000 mg kwa siku nzima. Usijipunguzie mwenyewe, nenda wiki hii ukapimwe sukari na figo. Ukitapika na kuhema mbio, usingoje miadi.

*Mgongo waniuma, nameza diklofenaki kila siku. (Shela, Lamu)*

Tenofoviri hutolewa na figo, na diklofenaki ya kila siku huzichosha figo hizo hizo. Tumia parasetamoli, 500 mg mbili kwa wakati mmoja, zisizidi vidonge 8 kwa siku, na mgongo uangaliwe.

*Mji ni mdogo, muuza dawa anijua. Nitaulizaje bila kujitangaza? (Mkomani, Lamu)*

Huna haja ya kutaja virusi. Muulize tu: "Dawa hii ina magnesiamu, alumini, chuma, kalisi au zinki?" Ikiwa ndiyo, fuata masaa tuliyoyataja juu. Dawa nyingine yoyote, na za mitishamba pia, ipige picha boksi au chupa uionyeshe kliniki kabla hujafungua.