Nguzo mpya, jampa ya zamani: kwa vijana wa laini

Wadogo zangu mlioingia kwenye ukarabati wa laini za umeme za kilovoti 33 hapa Tabora, nimewaangalia wiki hii na kuna jambo linanikera. Nguzo mnasimamisha vizuri, zimenyooka. Halafu mnapanda juu, mnaichukua jampa ileile (kipande cha waya cha kuunganisha waya na waya) iliyokwisha kubabuka, mnaisokota kwa plaizi na kushuka. Laini iliyozeeka huzimika kwenye maungio, kwenye vikombe vya kushikilia waya vyenye ufa na kwenye erthi (waya wa kupeleka umeme ardhini) isiyoshika, hata kama nguzo zote ni mpya. Basi sikilizeni.

1. Soma kitabu cha hitilafu kabla ya kupakia vifaa. Laini inayotripu, yaani inayojizima yenyewe, mvua ikianza na inayotripu upepo ukivuma zina magonjwa tofauti.

2. Nguzo ipimwe pale inapoingia ardhini. Fukua kidogo, choma kwa bisibisi nene. Mchwa wa huku na uozo huanzia hapo, na nguzo inaweza kulia vizuri ukiigonga usawa wa kifua ilhali chini limebaki ganda.

3. Shaba na alumini. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikuwa tunabadilisha waya kwenye laini inayotoka mjini kwenda upande wa Sikonge. Laini kuu ilipata alumini mpya, lakini tawi moja la kijijini lilikuwa bado la shaba. Viungio vya kuunganisha metali hizo mbili vilikuwa vimeisha, jua linazama, na muda tulioomba wa kuzima umeme ulikuwa unakwisha. Nikaamua tufunge shaba juu ya alumini moja kwa moja kwa klampu ya kawaida, tutarudi. Sikusugua waya kwa brashi, sikupaka grisi. Umeme ukawaka, watu wakashangilia, na mimi nikaisahau kazi ile.

Kiangazi chote hapakuwa na tatizo. Mvua zilipoanza, maji yakapita kwenye shaba yakidondokea alumini, nayo ikaanza kulika. Ungio likapata ukinzani, ukinzani ukaleta joto, na jioni watu wote walipowasha, joto likapanda zaidi. Usiku mmoja jampa ikakatika. Fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, ikapotea, mbili zikabaki. Kijijini nyumba nyingine taa zilikuwa sawa, nyingine zimefifia kiasi cha kuona waya wa balbu ukiwa mwekundu. Mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga aliamka alfajiri, akawasha. Mota ikanguruma bila kuzunguka, ikatoa moshi. Ndiyo iliyokuwa inamsomeshea watoto.

Nilipopanda kulitazama lile ungio, alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe, unasagika kwa kidole. Nilimwendea mzee nikamweleza ukweli kwamba kosa ni langu. Hakunigombeza, alinikaribisha uji. Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo: kiungio chake maalumu, brashi ya waya, grisi, kaza kwa kipimo. Kama metali mbili lazima zikae karibu, alumini iwe juu na shaba chini. Kiungio kikikosekana, omba muda mwingine wa kuzima umeme. Bora watu walale giza usiku mmoja. Na mkipigiwa simu kwamba umeme “upo nusu”, waambieni wazime mota zote kwanza, ndipo muwashe gari.

4. Waya ukivutwa mchana wa Oktoba ukakazwa mpaka unapendeza macho, usiku wa baridi wa Julai utasinyaa na kuzivuta stei, zile nyaya za kuegemeza nguzo. Fuata jedwali la mlegeo kwa joto la saa ileile.

5. Mkuza, yaani ukanda wa ardhi inamopita laini. Miti ya miombo ukiikata huchipua tena kwenye kisiki, kwa hiyo usafishaji ni kazi ya kurudia. Miembe ni habari nyingine. Kuna mama alinisimamisha chini ya mwembe wake akasema nikikata tawi lile nimekata ada ya shule. Tulikaa, tukahesabu pamoja matawi ya kutoka na ya kubaki, akaridhika. Nendeni na salamu kabla ya panga, jamani. Mtu uliyemheshimu ndiye atakayewapigia simu tawi likianza kugusa waya.

6. Kibali mkononi, pima kama umeme umekatika kweli, funga erthi pande zote mbili za mnapofanyia kazi. Jenereta ya dukani iliyounganishwa vibaya hurudisha umeme kupitia transfoma, na huko juu unapanda kuwa kilovoti 33. Asiyefunga erthi hapandi, hata awe fundi wangu bora.

7. Erthi za transfoma na za vizuia radi zipimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Kipimo kizuri cha Februari kinaweza kuwa ni cha maji ya mvua tu. Ambaye hajawahi kutumia mita ya erthi anitafute saa ya chai, nitamwonyesha vigingi vinavyopangwa na umbali wake, na namna ya kujua kama betri inadanganya.