MBA moja kwa moja au kazi kwanza? Jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada umesema unamaliza digrii mwaka huu, GPA imesimama, nyumbani wako tayari kukusapoti ada, sasa unauliza uombe MBA (masters ya biashara) saa hii hii au uingie kazini kwanza. Mimi nasema ingia kazini, ila kuna njia moja ya katikati ambayo waliotangulia kujibu hapo juu wameiruka, nitafika.

Mimi kabla ya MBA nilikuwa manunuzi, kazi ya kubembelezana na masaplaya na kufukuzia invoisi, haina sifa yoyote mtaani. Sasa darasani kwetu tulikuwa tunasoma kwa kesi, yani mnapewa mkasa wa kampuni, mnausoma usiku, asubuhi mnabishana. Siku moja kesi ilikuwa ya kampuni ambayo vitabuni ina faida nzuri tu lakini benki hamna kitu, hela yote imelala stoo na kwa wateja ambao hawajalipa. Kuna dogo alikuja moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza, kichwa kweli kweli, kabla wengine hatujafungua kalkuleta keshamaliza: masaplaya walipwe siku ya 60 badala ya 30, tatizo limeisha. Na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Mwalimu akauliza, haya, saplaya mwenyewe atafanyaje? Dogo kimya. Sisi tuliowahi kupokea simu za masaplaya wanaodai hela zao tukaanza, mmoja anasema atapandisha bei kimya kimya, mwingine anasema mzigo mzuri utaenda kwa anayelipa mapema wewe utaletewa mabaki, mimi nikasema yule mdogo anayetegemea oda yako kulipa mishahara atafunga tu biashara halafu utafute mwingine katikati ya msimu. Kipindi chote kiliishia hapo, ile hesabu ikabaki ubaoni hakuna aliyeigusa tena. Dogo alikuwa na akili kuliko wengi wetu, shida ni kwamba hajawahi kufokewa na saplaya. Na kwenye madarasa ya namna hii kuchangia kunabeba alama, sio mapambo.

Upande wa maombi nao ni hivyo hivyo. Vyuo vikubwa vya Marekani wastani wa uzoefu wa wanaoingia unacheza kwenye miaka 5 hivi, ni wastani sio sharti, wapo wa miaka 2 na wapo wa 9. Ila insha zinakuuliza unataka nini na kwa nini sasa hivi, na barua za rekomendesheni wanapenda zitoke kwa bosi aliyekuona ukifanya kazi, sio lekchara aliyekupa A. Hivyo vitu huwezi kuvitunga.

Wale wanaosema wewe kusanya miaka tu, hapana. Miaka 3 ambayo umegusa hela, wateja au watu wa kuwasimamia ni bora kuliko 7 ya kupeleka ripoti ambayo hujui inasomwa na nani. Halafu ukichelewa sana nako kuna gharama, mshahara ukishapanda na watoto wakishakuja kuacha kazi inakuwa mtihani mwingine, ndio maana wengi huishia Executive MBA ya kusoma wikiendi huku wako kazini. Sio mbaya ila ni kitu tofauti.

Kama kazi huitaki kabisa sasa hivi basi usiangalie MBA, angalia masters ya menejimenti, Ulaya ziko nyingi, HEC Paris wanayo, London Business School wanayo, zimetengenezwa kwa watu wa kama wewe wasio na uzoefu, hutakaa kimya kama yule dogo kwa sababu wote mko sawa.

Sasa ile njia ya katikati. Harvard wana kitu kinaitwa 2+2, unaomba ukiwa mwaka wa mwisho, ukikubaliwa unaenda kufanya kazi miaka 2 hadi 4 nafasi yako ikikusubiri. Stanford, Wharton na Chicago Booth nao wana za kwao. Yale wana Silver Scholars, hiyo imegeuzwa kidogo, unasoma mwaka wa kwanza, unatoka kwenda kazini, unarudi kumalizia. Ushindani ni mkali lakini hata ukikosa haikuzuii kuomba tena baadaye kwa njia ya kawaida.

GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ifanye sasa wakati hesabu bado ziko kichwani, hii ya sasa ni masaa mawili na robo na maksi zake zinakaa miaka 5, kwa hiyo unaiweka kabatini unaenda kazini. Kwenye hizo 2+2 na wenzake madirisha mengi hufungwa mwezi wa 4, na nyingi hazimchukui mtu aliyekwisha kumaliza na kuanza ajira, kwa hiyo tarehe za hizo ndio ukacheki kwanza kabla hujavaa joho.