Madoa ya Hsp104 yakipotea si lazima protini ziwe zimeharibiwa

Mkuu, nimesoma swali lako: umepasha hamira hadi nyuzi 42, madoa ya kijani ya Hsp104 (protini inayosaidia kuokoa protini nyingine zilizogandamana kwa joto) yakajaa kwenye seli, ukairudisha 30, na baada ya saa moja hivi huyaoni tena. Ukahitimisha kwamba proteasomu, yaani mashine ya seli ya kusaga protini, imezisaga protini zilizoharibika. Hitimisho hilohilo nililishikilia karibu mwaka mzima.

Tazama kwanza ulichokipaka rangi. Kijani umekifunga kwenye Hsp104, na Hsp104 ni mganga, si mgonjwa. Doa linakuonyesha mganga alikoitwa. Likitoweka, unajua kaondoka pale. Kama mgonjwa kapona au kazikwa, hadubini yako haijakuambia.

Mimi nilitoka huko nilipoingiza lusiferazi, protini ya mwanga ya kimulimuli, kwenye hamira. Uzuri wake ni kwamba ikikunjika sawasawa inatoa mwanga, ikiharibika inazima, kwa hiyo unapima uzima wake moja kwa moja. Nilizipasha seli 37 kwa nusu saa zitengeneze shaperoni (protini walezi zinazosaidia nyingine kukunjika) za kutosha, kisha 44, na kabla ya kuzirudisha kwenye 30 nikaweka dawa ya sikloheksimidi, inayozuia utengenezaji wa protini. Hiyo usiiache hata kidogo, maana bila kuzuia utengenezaji wa protini mpya hutajua mwanga unaorudi ni wa lusiferazi ya zamani au iliyotengenezwa sasa hivi. Mwanga ulizima karibu wote kwenye joto, halafu ukapanda taratibu. Nikapima kiasi cha protini yenyewe kwa kingamwili: haikuwa imepungua kwa kiwango cha kuonekana. Molekuli zilezile zilizokuwa zimegandamana zilikuwa zimerudi kazini. Nilirudia mara tatu kabla ya kuamini.

Kwenye seli zisizo na jeni ya HSP104 mwanga haukurudi. Vivyo hivyo nilipoweka guanidini milimola 5, ambayo huizuia Hsp104.

Kinachofanyika ni hiki. Hsp104 ni pete ya vipande 6 yenye tundu katikati, na kwa nguvu ya ATP, nishati ya seli, huivuta protini kutoka kwenye donge na kuipitisha tunduni kama uzi. Lakini haijipeleki. Shaperoni nyingine, Hsp70 na Hsp40, kwenye hamira akina Ssa1 na Ydj1, ndizo zinazotangulia kulishika donge na kuikaribisha. Watafiti Glover na Lindquist walionyesha mwaka 1998, nje ya seli kabisa, kwamba hizo tatu zikiwa pamoja ndipo protini iliyoganda inafufuka. Mwaka 2015 maabara ya Drummond kule Chicago ikaenda mbali zaidi: protini za hamira yenyewe zinazoganda kwa joto huyeyuka tena bila kuvunjwa. Kwangu hilo linabadilisha hata jina la kitu. Madonge mengi ya joto si takataka.

Sasa, usigeuke ukadhani hakuna kinachosagwa. Protini yenye mutesheni isiyoiruhusu kukunjika itaenda proteasomu tu: kimeng'enya San1 huipachika yubikwitini, alama ya kupelekwa kusagwa, ndani ya kiini, na vimeng'enya Doa10 na Hrd1 hufanya hivyo kwenye retikulamu ya endoplazimu. Protini ya Ubc9, ile yenye mutesheni inayoifanya dhaifu kwa joto, ni mfano mzuri, ukiipaka kijani madoa yake hutegemea proteasomu ili yaondoke. Ndiyo maana nasisitiza uifuatilie protini yenyewe, si mlezi wake Hsp104.

Na ukitaka kuijaribu proteasomu kwa MG132, dawa inayoizuia, angalia aina ya hamira yako. Hamira ya kawaida huitema dawa hiyo nje, kwa hiyo tumia iliyoondolewa jeni ya PDR5, ya pampu inayoitema dawa. Nilipoteza wiki kadhaa nikidhani nimeizuia proteasomu, kumbe dawa haikuwa inabaki ndani.

Ukishaijaribu na lusiferazi, weka hapa vipimo vya mwanga na vya kiasi cha protini pamoja. Kimoja bila kingine hakitatusaidia kukujibu.