Anabaki na ubishi

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Bendi ikishaaga rasmi, mpenzi wake hubaki na nini?" Wengi nahisi watajibu kumbukumbu. Mimi nasema hubaki na ubishi, na hilo nililishuhudia nikiwa nyuma ya usukani.

Mwaka 2014 nilikuwa naendesha teksi New York. Usiku wa Jumanne, Oktoba 28, nilikuwa nateremka Broadway, saa saba imekwishapita, nikakuta umati mbele ya ukumbi wa Beacon, pale mtaa wa 74. Dereva akiona umati saa hizo anamshukuru Mungu. Lakini hawa walikuwa hawaondoki. Wazee wenye mvi hadi mabegani, fulana zina picha ya uyoga, wamesimama njiani wanaongea kwa mikono. The Allman Brothers Band ndiyo kwanza ilikuwa imemaliza onyesho lake la mwisho.

Kwa wasioijua: ilizaliwa Jacksonville, Florida, mwaka 1969, ikahamia Macon, Georgia. Ilipiga bluzi kwa mwendo wa roki, magitaa mawili ya solo yakikimbizana, wapiga drums wawili, na wimbo mmoja uliweza kwenda nusu saa watu bado wanataka. Mmoja wa wapiga drums hao, Jaimoe, alikuwa mtu mweusi katikati ya Wazungu, na huko Kusini mwa Marekani miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Kiongozi wao, Duane Allman, alifariki kwa ajali ya pikipiki Oktoba 29, 1971, ana miaka 24. Mwaka mmoja baadaye mpiga besi wao, Berry Oakley, naye akafa kwa pikipiki katika mji uleule, mitaa michache tu kutoka pale. Bendi ikavunjika mara mbili, mara zote ikarudi. Kuanzia 1989 Beacon pakawa kama nyumbani kwao, na kwa miaka yote hiyo walipiga hapo zaidi ya mara 200.

Angalieni tarehe hizo. Onyesho lilianza tarehe 28, likavuka saa sita ya usiku, kwa hiyo wimbo wa kufungia uliangukia siku aliyokufa Duane. Na wimbo wenyewe ulikuwa wa Muddy Waters, ule ambao Gregg, mdogo wake Duane, aliimba nao mara ya kwanza kabisa alipoitwa mazoezini mwaka 1969. Bendi nyingi huaga kwa kukusanya hela. Hawa waliaga kwa kurudi mlangoni walikoingilia.

Basi wakapanda wawili, mmoja ana kofia, mwingine kipara, wanawahi treni ya New Jersey pale Penn Station. Nilijiandaa kusikia kilio. Hata mlango haujafungwa vizuri, wa kipara akasema bendi ilikufa na Duane, rekodi ya ukumbi wa Fillmore East ya Machi 1971 ndiyo mwisho wa maneno. Wa kofia akaruka. Akasema wapiga magitaa wa sasa, Warren Haynes na Derek Trucks, wamekaa na bendi hiyo miaka mingi kuliko Duane, na usiku huu wamepiga kuliko mtu yeyote. Derek huyo alizaliwa karibu miaka minane baada ya Duane kufa, baba yake ni ndugu wa Butch, yule mpiga drums mwingine wa bendi, na hutelezesha kichupa kwenye nyuzi kama alivyofanya Duane kwa kichupa cha dawa ya mafua. "Kasikilize Machi ya mwaka fulani," "Wewe kasikilize ya mwaka fulani." Na kweli waliweza kusikiliza, maana bendi iliwaruhusu wapenzi kuingia na maikrofoni zao wakarekodi, na kanda zikawa zinabadilishana mikono miaka nenda rudi.

Hapo nikajiona mwenyewe, Tanga, kidole kwenye kitufe cha rekoda nikisubiri Redio Tanzania ipige wimbo, ili kesho nikawafunge mdomo wapenzi wa bendi ya Sikinde. Mimi ni wa Msondo, mahasimu wao.

Wa kofia akaniuliza kwetu bendi zinaagaje. Nikamwambia haziagi. NUTA Jazz ya 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Chama cha wafanyakazi chenye bendi kikibadili jina na bendi inabadili, waimbaji wanafariki, mpiga solo anahamia kwa mahasimu, na Jumamosi kiingilio kiko palepale. "Sasa," akasema, "wakali ni wa zamani au wa sasa?" Ndugu zangu, nilifungua mdomo nikasahau barabara. Nikapitiliza kona, tukanasa kwenye taa, na treni yao ikaondoka. Nilizima mita kwa aibu. Wao hata saa hawakuangalia.

Butch alifariki Januari 2017, Gregg Mei mwaka huohuo. Machi 10, 2020, siku chache kabla korona haijafunga kumbi, Jaimoe, Warren, Derek na wenzao walipanda jukwaani Madison Square Garden kuadhimisha miaka 50, kwa jina la The Brothers. Je, walivunja kuaga kwao? Mimi nasema hapana, jina lenyewe hawakuligusa. Nina hakika wa kipara anasema walivunja, na wa kofia alinunua tiketi mbili ili akabishane naye hukohuko ndani. Na kwa kuwa Madison Square Garden imejengwa juu ya Penn Station yenyewe, safari hii walikuwa na ngazi tu za kushuka, bila dereva.

Dereva mstaafu, Tanga