Kucheka kanisani: majibu kwa maswali yenu

Niliandika katika safu hii kwamba Jumapili zetu zimejaa vichekesho na kwamba si dhambi kuvifurahia. Tangu hapo jumbe zimeingia kutoka Kisumu, Vihiga, Nakuru, Siaya, hadi Busia. Wengine mmenishukuru, wengine mmenikemea kwa upole, na wengi mmeuliza maswali. Nimechagua machache na kuyafupisha.

Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni kijana wa Kondele, Kisumu. Kwenye ibada ya vijana hupewa dakika chache niwachekeshe wenzangu kabla ya mahubiri. Mzee mmoja wa kanisa ameniita kando akaniambia Biblia haisemi popote kwamba Yesu alicheka, kwa hivyo niache. Nimjibu vipi?

Asifiwe sana, kijana wangu. Kwanza usibishane naye. Mzee aliyekuita kando badala ya kukusema mbele ya watu amekuheshimu, nawe mheshimu vivyo hivyo. Mwombe mketi siku moja, mfungue Biblia pamoja.

Ni kweli Injili zinasema Yesu alilia na hazisemi alicheka. Lakini someni alivyozungumza. Katika Mathayo 7 kuna mtu mwenye boriti jichoni ambaye anajitolea kumtoa mwenzake kibanzi. Mwambie mzee aione picha hiyo: gogo la kuezekea nyumba limechomoza usoni, na mwenyewe anainama kwa makini, anakodoa, ampime jirani jicho. Katika sura ya 23 wapo walimu wa sheria wanaochuja mbu kwenye kinywaji, kisha wanameza ngamia mzima, nundu na yote. Waliosikiliza walikuwa wavuvi na wakulima, watu wa utani kama wale wa Dunga na Usenge, kandokando ya Ziwa Viktoria. Siamini hata kidogo kwamba walisikiliza hayo wakiwa wamekunja uso.

Kisha nendeni Matendo ya Mitume, sura ya 12. Petro yuko gerezani na waumini wamekusanyika nyumbani kwa mama yake Marko, usiku, wanamwombea. Malaika anamtoa. Petro anakuja, anabisha. Msichana Roda anaitambua sauti yake, anajawa na furaha hata anasahau kufungua mlango, anakimbia ndani kuwaambia. Waombaji wanamwambia ana wazimu. Anasisitiza. Wanasema basi huyo ni malaika wake. Wakati wote huo Petro yuko nje gizani, anaendelea kubisha! Watu wanakesha wakiomba jambo, jambo lenyewe liko mlangoni, na wanaendelea kubishana. Luka angeweza kuandika kwamba Petro alifika akafunguliwa, yakaisha. Hakufanya hivyo, nami humshukuru kila ninapoisoma sura hiyo.

Malizieni na sura ya 20, kijana Eutiko. Paulo anahubiri hadi usiku wa manane, Eutiko ameketi dirishani, usingizi unamlemea, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu na kuokotwa amekufa. Paulo anashuka, anamkumbatia, anawaambia watu wasifadhaike, uhai umo ndani yake. Halafu anapanda tena juu, wanamega mkate, na anaendelea kuzungumza mpaka alfajiri. Yeyote aliyewahi kwenda kesha akajikuta amepiga magoti huku analala anamjua Eutiko kama ndugu yake wa tumbo moja.

Hata hivyo mzee wako ana jambo la kukufundisha. Muulize ni maneno gani hasa yalimchoma. Kama uliwahi kumcheka anayesema kwa kigugumizi, au mjane, au mtu kwa lafudhi ya kabila lake, hapo ana haki yote, acha mara moja. Wiki ijayo mpelekee unachotaka kusema kabla hujashika maiki.

Mwalimu, mimi ni mama wa Mbale, Vihiga. Sikukuu ya mavuno nilipeleka jogoo kanisani. Akanadiwa, aliyemnunua akamrudisha mbele auzwe tena, na tena. Watu walicheka mpaka machozi. Mume wangu amekasirika, anasema tumegeuza nyumba ya Mungu soko, kama wale Yesu aliowafukuza hekaluni. Ana haki?

Mama, mfikishie baba salamu zangu, na umwambie nimelifikiria neno lake kwa uzito. Wale wa hekaluni walikuwa wanajipatia faida kwa watu waliokuja kuabudu: wabadilisha fedha na wauza njiwa. Jogoo wako hakumpa mtu faida. Kila mara alipouzwa, fedha zilikwenda pale pale, na mwisho wa siku huenda mliezeka choo cha Shule ya Jumapili kwa jogoo mmoja.

Niliwahi kushuhudia mnada wa namna hiyo na sitausahau. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa cha leso, amekumbatiwa na mtunza hazina aliyevaa suti. Mnadi anapaza sauti: "Huyu amelelewa na mama wa maombi!" Bei inaanza shilingi 500. Mwalimu mkuu anasema 700. Kwaya wananong'onezana, wanachanga, wanafika 1,000. Wanampata, wanashangilia, kisha kiongozi wao anasema, "Tumempenda, lakini tunamrudishia Bwana." Kanisa zima linalipuka. Raundi ya pili ananunuliwa na vijana wa boda boda, nao wanamrudisha. Raundi ya tatu mchungaji ananyanyua mikono aombee sadaka, na neno "Baba" linapomtoka tu, jogoo anawika. Bibi mmoja wa safu ya mbele akaitikia "Amina!" kwa nguvu. Mchungaji alijaribu kuendelea, akashindwa, akacheka hadi akaketi. Ombi lililofuata lilikuwa fupi na la moyoni kuliko yote niliyomsikia akiomba.

Upande wa Kisumu mnada una ladha nyingine, maana mnunuzi hainuki kimya. Anaanza pakruok, anajisifu na kuwasifu watu wake kama kwenye nyatiti, zeze la Wajaluo, na kila sifa anailipia. Mtu analipa shilingi 200 ili atangaze kwamba yeye ni mkwe wa watu wa Seme. Sadaka inapanda, na wageni wanakaribishwa kwa jina na asili yao.

Mimi naogopa kitu kingine kabisa: pale mnada unapomfanya mwenye shilingi 50 ajikunyate. Nimesikia wanadi wakiuliza, "Hiyo ndiyo yako yote?" na watu wakicheka. Hicho kicheko ni kibaya, na katika Luka 21 Yesu alishasema wazi alimtazamaje mjane aliyetoa senti mbili. Na orodha ya michango isomwayo kwa sauti, jina na kiasi, kuanzia mkubwa hadi mdogo, ningependa ikome leo. Basi mwambie baba aje mavuno yajayo na akae karibu na mnadi. Akiona mnyonge anafedheheshwa, asimame aseme. Kanisa lenu litamhitaji.

Kwa nini matangazo yanachukua muda kuliko mahubiri? Katibu wetu husema "la mwisho", kisha "la mwisho kabisa", kisha "kabla sijaketi". Sisi vijana tumeanza kuhesabu na kucheka. (Msomaji, Langa Langa, Nakuru)

Kwa sababu katibu hataki kumkosea mtu. Kila kikundi kimempa karatasi, na akiruka harusi ya mtu atasikia hadi Desemba. Hesabuni na mcheke, hata yeye anajua.

Ila mkumbusheni jambo moja. Nyumba za ibada zilipofunguliwa tena Julai 2020, wakati wa korona, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja. Matangazo yalibanwa yakatosha humo, na hakuna harusi iliyokosa watu kwa kukosa kutangazwa. Jitoleeni kumwandikia katibu karatasi moja ya kubandika mlangoni na kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Atashukuru.

Rafiki zangu wa Kakamega hurekodi maandamano ya makanisa ya ngoma na kanzu nyeupe, wanayaweka TikTok na maneno ya kejeli. Nikiwaambia waache wananiambia wewe si ulisema kucheka kanisani ni ruhusa? (Dada wa Lurambi)

Dada, asante kwa kuuliza, maana swali hili limeninyima raha. Nilisema tucheke tuliomo ndani. Anayesimama kando ya barabara na simu, asiyemjua hata mmoja wa wanaopita, hayumo ndani.

Rafiki zako wajue wanachokirekodi. Kanisa la African Israel Nineveh, mojawapo ya hayo, lilianzishwa mwaka wa 1942 na Zakayo Kivuli, mtu wa Vihiga, aliyekuwa kwanza na Wapentekoste wa Nyang'ori. Yale maandamano ya Jumapili yenye bendera, ngoma na mavazi meupe yalianza enzi za ukoloni, siku ambazo Mwafrika kuwa na kanisa lake mwenyewe, kwa mdundo wake mwenyewe, kulihitaji moyo. Yule bibi wanayemcheka kwa kuruka vumbini huenda alianza kutembea barabara hiyo akiwa mgongoni kwa mama yake.

Na kama ni kichekesho, kila dhehebu lina chake. Marafiki, wale Wakweka, walifika Kaimosi mwaka wa 1902 kutoka Marekani. Kwa asili ni watu wa kuabudu kwa kimya, wanaketi hadi Roho amguse mmoja aseme. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, na nenda ibada yao pale Vihiga usikie kwaya! Mimi nimewaona Marafiki wenyewe wakilicheka jambo hilo, wakisema Mluhya akikaa kimya saa nzima ujue ni mgonjwa. Wamelisema wao, kwa kujipenda. Mwombe rafiki yako arekodi kanisa la mama yake kwanza, amwonyeshe mama, kisha aamue kama ataliweka mtandaoni.

Mchungaji akitutembelea anaombea chakula mpaka ugali unapoa. Juzi mtoto wangu wa miaka minne alisema "Amina" katikati, akachukua paja la kuku. Nimwadhibu? (Baba watoto, Bungoma)

Usimwadhibu. Mfundishe kungoja, lakini usimtie hofu ya maombi. Mchungaji alicheka au alikasirika? Kama alicheka, yamekwisha. Na imondo, yaani firigisi, bado ilikuwa kwenye sahani ya mkubwa, kwa hivyo heshima ya nyumba haikuguswa. Siku nyingine mwombe mchungaji aombee familia mkiwa bado mnanawa mikono, kisha chakula kiombewe kwa sentensi moja. Wengi wao hukubali kwa furaha, maana nao wana njaa.

Tulipomzika baba, mdogo wetu alipewa maiki akasimulia jinsi mzee, aliyekuwa kiongozi wa kanisa, alivyoimba nyimbo zote kwa sauti moja, na jinsi wanakwaya walivyokuwa wakimwomba kwa adabu awe "mlezi" wa kwaya ili asiimbe. Waombolezaji walicheka. Mama pia alicheka. Lakini shangazi zetu hawamsemeshi mdogo wetu hadi leo, wanasema aliharibu mazishi. (Siaya)

Poleni sana kwa msiba wenu. Nimelisoma swali lako tena na tena, na kila mara nimesimama pale uliposema mama alicheka. Mwanamke aliyelala macho usiku kucha karibu na jeneza la mumewe, akizungukwa na vilio, akapewa dakika moja ya kumwona tena akiwa hai, kanisani, akikosea noti. Mdogo wenu alimpa mama hiyo dakika. Katika nyumba za Nyanza na Magharibi hotuba za matanga zimekuwa hivyo siku zote: mzuri wa kusimulia humrudisha marehemu na tabia zake, mazuri na ya kuchekesha, ndipo watu wamlilie mtu wanayemjua. Mhubiri 3 inaweka wakati wa kulia na wakati wa kucheka katika mstari mmoja.

Lakini shangazi nao walimpoteza ndugu. Kwao alikuwa kaka mkubwa kabla hajawa baba yenu, na heshima ya jina lake wanaibeba wao. Huenda hadithi ilikuja mapema mno, wakati mwili ulikuwa ndio umetolewa nje, au baada tu ya shangazi mmoja kuvunjika kwa kilio. Hilo linaweza kuombewa radhi bila kuikana hadithi. Msipige simu. Nendeni nyumbani kwa shangazi mkubwa, wewe na mdogo wako, na sukari na majani ya chai. Mdogo wako aanze yeye: "Shangazi, kama niliyasema wakati usiofaa, nisamehe." Asiongeze "lakini". Kisha akae anyamaze, amwombe shangazi asimulie yeye kaka yake alikuwaje akiwa mvulana. Ana hadithi ambazo ninyi hamjawahi kuzisikia, na baadhi yazo nina hakika zinachekesha.

Natayarisha mchezo wa Krismasi na watoto wa Shule ya Jumapili. Mwaka jana Herode aliogopa watu akalia, malaika akamwambia "usiogope", kanisa likacheka vibaya. Nifanyeje mwaka huu? (Mwalimu wa Sande, Busia)

Mwalimu mwenzangu, huyo malaika ndiye aliyekuwa ameielewa Injili kuliko wote waliokuwepo, mpe sehemu kubwa zaidi. Herode mpe mtoto mwenye sauti, na yule wa mwaka jana awe mchungaji wa kondoo pamoja na rafiki yake wa karibu, wasimame wawili wawili. Fanyeni mazoezi ndani ya kanisa lenyewe, na maiki ikiwa imewashwa, ili sauti yao isiwashtue siku yenyewe. Kabla ya kuanza, waambie wazazi kwamba mtoto akisahau maneno, wampigie makofi. Na mfalme wa tatu asibebe chupa halisi ya manukato ya mama yake. Mpe chupa tupu.